Simu yangu inasema marimba ya mjomba imekosea: tujadili sauti, mashine na mazoea

Mwana wa Dunda ameandika:

Ndugu zangu, nawasalimu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili wa masomo ya kompyuta katika chuo kimoja cha Dar es Salaam, na kwa sasa niko nyumbani Bagamoyo kwa likizo. Naleta hapa jambo lililonikaa kichwani kwa wiki mbili, na naomba wenye ujuzi wa muziki na wa mitambo wanisahihishe nitakapoteleza.

Mjomba wangu hutengeneza marimba ya mkono, ile ambayo kwao Ugogoni huitwa ilimba. Alihamia Bagamoyo akiwa kijana, kama Wagogo wengine waliovutwa huku na muziki, na kila siku baada ya swala ya alasiri hukaa chini ya mwembe wetu na kisanduku cha mbao mapajani. Siku moja nilimkuta akiweka ndimi mpya za chuma. Hufua msumari mpaka unakuwa bapa, anaubana kati ya vipande vya chuma, kisha anausukuma ndani au kuuvuta nje kwa kugongagonga na nyundo ndogo, huku ameinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza jirani ukutani. Ulimi ukirefuka sauti inashuka, ukifupika inapanda. Nikaona hapa ndipo elimu yangu itakapomfaa. Nikapakua programu ya simu ya kulinganisha sauti, ile ambayo wapiga gitaa huitumia kutyuni, nikaiweka kando ya sanduku.

Ulimi wa kwanza ulikuwa sawa, hezi 220, yaani mitetemo 220 kwa sekunde, na simu ikawaka kijani. Wa pili ukaonekana umeshuka kidogo. Wa tatu ukawa sawa. Wa nne ukasimamisha mshale mbali kushoto, rangi nyekundu, na programu ikaandika kuwa sauti hiyo iko chini kwa zaidi ya senti 30, kipimo cha sauti nitakachokieleza hivi punde. Nikamwambia mjomba kwamba ulimi wake wa nne umekosea. Akaupiga tena, akasikiliza, akaniambia, "Huu ndio niliouweka kwanza. Hiyo mingine nimeifuata kwa huu."

Nilinyamaza, lakini usiku nilikaa na kalamu. Walioimba kwaya wanajua do, re, mi. Kinanda huzigawa sauti hizo katika hatua 12 zilizo sawa kati ya do na do ya juu yake, na kila hatua imegawanywa tena katika senti 100. Mpango huu una sababu nzuri, na si haki kuubeza. Hatua zikiwa sawa, mpiga kinanda anaweza kuhamisha wimbo juu au chini kumfuata mwimbaji bila kinanda kuharibika sauti. Gharama yake ni kwamba karibu kila sauti imesogezwa kidogo kutoka mahali ambapo maumbile yaliiweka.

Mahali hapo ni wapi? Uzi ukitetemeka mzima hutoa sauti moja, lakini ndani yake nusu ya uzi nayo inatetemeka, na theluthi, na robo, na kuendelea. Kama sauti ya msingi ni hezi 55, hizo nyingine ni 110, 165, 220, 275, 330, 385, 440. Muziki wa Kigogo, nyimbo zake na zeze na ilimba, umejengwa juu ya safu hiyo, hasa kuanzia sauti ya nne kwenda juu. Sasa tazameni: ulimi wa kwanza wa mjomba ni 220, wa pili uko karibu na 275, ambapo kinanda kina 277, wa tatu uko karibu kabisa na 330, na ule wa nne wenye "kosa" ni sauti ya saba katika safu, ambayo kwa hesabu ni hezi 385. Kinanda hakina 385. Kina 370, kisha kinaruka hadi 392. Ulimi wa mjomba umeangukia katikati ya vigae viwili, na programu, kwa kuwa haikupewa jina la mahali hapo, imepaita kosa.

Kwa wanaopenda vipimo: sauti ya ulimi mwembamba kama huo hubadilika kinyume na mraba wa urefu wake. Ulimi wenye sentimita 6 ukiusukuma ndani nusu milimita tu, unatoka 385 na kufika 392. Nusu milimita ndiyo iliyopo kati ya mjomba na simu yangu, na yeye anaisikia bila rula.

Si programu hiyo moja tu. Nilimpigia dada yangu aliyeko Mwanza kwa simu ya video ili amsikie mjomba akipiga. Akasema, "Wewe nakusikia, lakini marimba inakuja na kupotea." Kwenye sanduku la ilimba kuna tundu lililobandikwa utando mweupe wa buibui, ule anaofunikia mayai yake, ili kila sauti itoke na mvumo wa kukwaruza. Bila mvumo huo mjomba husema marimba "imelala". Sasa programu nyingi za mawasiliano zimefundishwa kubakiza maneno ya mtu na kufuta vingine vyote kama kelele, na kati ya vinavyofutwa upo huo utando ambao mjomba huutafuta asubuhi nzima kwenye kuta za zizi. Simu ileile, nikiandika "karibu", huigeuza kuwa "caribou", jina la mnyama wa nchi za baridi. Hilo la mwisho tumelizoea na tunalicheka. La sauti hatulicheki, kwa sababu hatujui kuwa limetokea.

Na hapo ndipo penye hoja yangu. Mashine kuwa na mipaka si ajabu, maana kila chombo kina mipaka. Ninachokiogopa ni kwamba mimi, mjukuu wa watu walioishi na sauti hiyo, nilipoona rangi nyekundu niliiamini simu kabla ya kuyaamini masikio ya mjomba, tena nilikuwa tayari kumshika mkono na kumsogezea ulimi.

Binamu yangu anaimba vizuri. Nilimrekodi akifuatana na marimba hiyo, kisha nikaipitisha sauti yake katika kinyooshi cha sauti cha aina ya Auto-Tune. Programu hiyo ilitoka mwaka 1997, na aliyeibuni, Andy Hildebrand, alikuwa mtaalamu wa kuchambua mawimbi ya ardhini katika kazi ya kutafuta mafuta. Inachofanya ni kupima sauti ya mwimbaji na kuisogeza hadi kwenye hatua iliyo jirani zaidi. Sauti ya 385 jirani yake ni 392, kwa hiyo kila binamu alipofika pale alisukumwa juu, huku marimba ikibaki chini. Walikuwa watu wawili waliokubaliana, nami nikawagombanisha. Wimbo ulitoka umenyooka kama kanga iliyopigwa pasi, na mjomba alipousikia aliuliza ni nani huyo anayeimba.

Nilipomweleza habari ya mshale mwekundu, aliniuliza, "Simu yako inasema saa ngapi?" Ilikuwa 16:20. Nikamjibu saa kumi na dakika ishirini. Akasema, "Mbona imeandika kumi na sita?"

Sina jibu la kumshinda. Sote hapa tunasoma saba tunasema moja, tunasoma kumi na tatu tunasema saba, na hakuna hata mmoja wetu anayedhani kwamba alfajiri yetu imekosea. Swali langu kwenu: kwa nini tumeweza kwenye saa, na kwenye muziki tumeshindwa?

Fundi Sauti ameandika:

Mdogo wangu, umeandika vizuri, lakini umeionea mashine kidogo, kwa hiyo niruhusu niitetee, maana ndiyo inayonilisha.

Lugha ambayo vinanda na kompyuta hutumia kuzungumza, yaani MIDI, ilitoka mwaka 1983. Inahesabu sauti kuanzia 0 hadi 127, hatua kwa hatua, na ni kweli kwamba katika orodha hiyo marimba ya mjomba wako haina namba. Hata hivyo ndani ya lugha hiyohiyo kuna amri ya kupinda sauti, yenye ngazi 16,384, na programu nyingi za studio hukubali jedwali la sauti unaloliandika mwenyewe kwa senti. Mlango upo, ila hauko mbele ya nyumba. Uko uani, na wengi hawajawahi kuzunguka. Andika jedwali, hatua ya 392 ishushe kwa senti 31, ile ya 277 ishushe kwa senti 14, na kinanda chako kitapiga Kigogo. Kinyooshi nacho waweza kukizuia kisiguse sauti unayoitaja.

Kwa nini sisi watayarishaji hatufanyi hivyo? Nitasema ukweli wangu. Mwimbaji anakuja na saa mbili za studio alizolipia kwa shida, anasema "niwekee ile sauti ya kwenye redio", na umeme unaweza kukatika wakati wowote. Kinyooshi kinamaliza kazi kwa dakika moja. Si kwamba nimeshindwa kusikia. Nimechagua kutosikia ili foleni iishe.

Jambo moja zaidi. Singeli ya kwetu Dar es Salaam, yenye mwendo wa mapigo 200 na zaidi kwa dakika, imezaliwa ndani ya kompyuta hizohizo, na hakuna mgeni aliyekuja kuwafundisha vijana wa uswahilini kuitumia hivyo. Usituone sote kama watu tunaovutwa na mashine kwa kamba.

Babu wa Ngamiani ameandika:

Vijana, nawasoma nikiwa hapa Tanga, na mjukuu ananisaidia kuandika, kwa hiyo makosa ya herufi ni yake.

Mnazungumza kama kwamba jambo hili limeanza na simu. Sisi tuliliona mapema zaidi. Katika miaka ya 1960 taarabu ya Tanga, ile ya vikundi vya Black Star na baadaye Lucky Star, iliacha udi na fidla nyuma na kushika magitaa ya umeme na besi. Watu wa Unguja walitucheka. Udi hauna pau shingoni. Kidole chako kinateleza kinapotaka, na ile robo sauti ya maqamu, yaani mipangilio ya sauti ya muziki wa Kiarabu, inapatikana. Gitaa lina pau za chuma zilizopigwa kiwandani, na kila pau ni hatua moja kati ya hizo 12 alizozitaja kijana. Kwa hiyo vigae hivyo vilitufikia zamani, vikiwa vimefungwa kwenye mti, na tukavicheza kwa furaha, na harusi zikajaa.

Lakini sikilizeni tofauti. Gitaa lilikuwa na pau. Koo halikuwa na pau. Marehemu Shakila, mwimbaji wa taarabu aliyefariki mwaka 2016, nilimsikia akiwa bado msichana hapa Tanga. Gitaa lilikuwa limekaa pale pake kama kiti, na yeye akawa anakaa, anainuka, anaegemea, anapita katikati. Anafika kwenye neno la uchungu anashuka chini kidogo ya gitaa, na hapo kina mama wanainuka kwenda kutunza. Laiti mtu angemfungia pau kooni, sijui wangeinukia kitu gani.

Ninachokiona kwa hicho kinyooshi chenu ndicho hicho: mnaweka pau mahali ambapo hatukuwahi kuziweka.

Mwalimu wa Kwaya ameandika:

Naongeza ushuhuda mfupi. Kwaya yangu ikiimba bila kinanda, sauti ya tatu na ya pili hutulia zenyewe mahali pazuri sana, hewa inakuwa haina mtikisiko. Kinanda kikiingia katika ubeti wa pili ghafla tunasikika kama tumeshuka. Kwa miaka mingi niliwagombeza waimbaji. Nimesoma maelezo ya kijana kuhusu 275 na 277, nikapiga hesabu: zikipigwa hizo mbili dhidi ya 220, ile ya kwanza inatulia, ya pili inatikisika karibu mara 9 kwa sekunde. Jumapili nitawaomba radhi sauti ya tatu.

Mwana wa Dunda ameandika:

Mzee wangu wa Ngamiani, shikamoo. Habari ya koo na pau imenikaa vizuri kuliko kurasa zote nilizoandika, na nimemsomea mjomba. Amecheka, akasema hao Watanga ni watu wa maneno, lakini wanasikia.

Kaka Fundi, nakubali kwamba nimeionea mashine, na la foleni nimelielewa. Hata hivyo maelezo yako yanathibitisha kitu kimoja: mlango wa uani upo, lakini programu inafunguka kwa mlango wa mbele, na mwenye haraka haendi uani. Anayechagua mpangilio wa mwanzo ndiye anayewachagulia wengi, bila kumlazimisha mtu. Mfano mzuri wa kinyume uko hapahapa Bagamoyo. Marehemu Hukwe Zawose, Mgogo aliyeishi na kufundisha katika mji huu hadi kufariki kwake mwaka 2003, alirekodiwa miaka ya 1990 na Real World, lebo iliyoanzishwa na Peter Gabriel huko Uingereza. Mitambo yao ilikuwa mikubwa kuliko yangu mara nyingi, na ilimba yake inasikika na mikwaruzo yake yote. Mwaka 2024 Pendo na Leah Zawose, wa ukoo huohuo, walitoa albamu kupitia lebo hiyohiyo. Kumbe inawezekana mtu akae na mashine ya gharama na bado aiambie inyamaze.

Sasa niwape matokeo, maana nilifuata ushauri. Niliandika jedwali kama alivyoelekeza Fundi, senti 31 chini kwa sauti ya saba, senti 14 chini kwa ya tano, nikaunganisha kinanda kidogo cha kuazima, nikamwita mjomba. Nilijiona nimemaliza kazi. Alisikiliza, akapiga marimba yake, akasikiliza tena. Akasema, "Imekaribia."

Imekaribia! Nilitoa simu, nikapima ulimi wake wa nne kwa makini zaidi kuliko siku ile ya kwanza, nilipokuwa nimeridhika na rangi tu. Haukuwa 385. Ulikuwa 383, senti 40 chini ya hatua ya kinanda. Nikapima na ulimi wa juu kabisa, ambao kwa hesabu yangu ulipaswa kuwa 440 kamili, nikaupata umepita kidogo. Nilimuuliza kama amezisogeza ndimi hizo. Akasema amesogeza ndiyo, jana jioni, kwa sababu upepo wa bahari ulikuwa mzito na sanduku lilikuwa limekunywa unyevu, na wimbo aliotaka kuupiga ni wa kuagana, hautaki sauti ya ulimi wa nne ikae juu sana.

Kwa hiyo nami, baada ya kulalamika kwa kurasa mbili kwamba mashine inamlazimisha mjomba kukaa kwenye vigae vyake, nilikuwa nimemtengenezea vigae vingine, vya hesabu safi zaidi, na nikamtaka akae humo. Safu ya 55, 110, 165 inaeleza alikoanzia. Haielezi anakwenda wapi jioni ya kuagana.

Jedwali sijalifuta, litanisaidia kwenye mradi wa chuo. Lakini nimeanza kazi nyingine. Kila mjomba anapomaliza kutyuni namrekodi ulimi mmoja mmoja, bila kinyooshi, kipaza sauti kikiwa karibu na lile tundu la utando, naandika siku, hali ya hewa na wimbo aliokusudia. Nina rekodi 9 hadi leo. Ulimi wa nne haujarudi mahali pamoja mara mbili, ingawa hajawahi kwenda mbali. Kompyuta hunipangia mafaili kwa saa yake, nami nabadilisha jina la kila moja kwa mkono: hili la mwisho nimeliita "saa kumi na mbili kasoro robo, mvua imekatika".

Fundi Sauti ameandika:

Nitumie hizo tisa. Usizibane, zitume kama zilivyo, bando nitalipa mimi.